Mmoja Kati ya Watano Hafai

Nettie Harder alilichomeka gari lake kwenye plagi ya nje ili injini isigande kwa baridi, akahakikisha waya umekaa sawa, ndipo akagonga mlango wa Abe na Margaret Dueck.

"Umechomeka?" sauti ya mzee iliuliza kutoka ndani kabla hata ya salamu.

"Nimechomeka, mzee Abe."

"Basi ingia. Mwaka juzi mkwe wangu alijifanya mjuaji, akaliacha gari bila umeme usiku mmoja tu. Asubuhi injini imekuwa jiwe. Akakwama hapa mpaka akatumalizia soseji zote."

"Usimsikilize," alisema Margaret, akifuta mikono kwenye aproni. "Soseji alizimaliza mwenyewe."

Nettie alivua buti zake zilizojaa theluji. Karibu na mlango palikuwa na masanduku mawili makubwa ya safari, yamefungwa mikanda tayari. Aliyaona. Alikaa, akapokea kahawa, akasubiri mzee aombe. Abe aliomba sala fupi, akamaliza na amina nzito iliyotikisa vijiko.

"Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe," alisema Abe. "Mpelelezi hatoki Winnipeg kwa baridi hii kuja kunywa kahawa ya Margaret."

"Kahawa yangu ina nini?"

"Haina kitu, mke wangu. Ndiyo tatizo lake."

Nettie alicheka, kisha akaweka kikombe chini. Alikuwa polisi wa upelelezi kwa miaka mingi kabla ya kuajiriwa na umoja wa makanisa kuwachunguza watu wanaojitolea kuwapokea wakimbizi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila aliyetia saini anastahili.

"Jana mtu alipiga simu ofisini kwetu," alisema. "Alinong'ona, hatukujua kama ni mwanamume au mwanamke. Alisema, 'Wale watano wa Rosenbach, mmoja wao hafai. Siwezi kumtaja kabla ya wakati.' Akakata."

Margaret aliketi polepole.

Watano hao walijulikana na mji mzima wa Rosenbach. Walikuwa Abe na Margaret wenyewe. Hilda Froese, mwalimu mstaafu. Cornelius Wiebe, fundi wa matrekta na mwenyekiti wao. Na Tekle Asmelash, kijana wa Eritrea ambaye kanisa lilimpokea miaka iliyopita. Walikuwa wameahidi mbele ya serikali kumchukua dada yake Tekle, Letebrhan, aliyekuwa Kampala na watoto wake wawili. Watampa nyumba, watampeleka hospitali, watawaandikisha watoto shule, mpaka asimame mwenyewe. Hati ya Letebrhan ya ukimbizi ilikuwa safi. Hofu sasa ilikuwa upande wa wenyeji.

"Serikali inafunga kupokea maombi ya vikundi vya watu watano jioni ya leo," alisema Nettie. "Haijasema itafungua lini tena. Tukituma na mmoja hafai, ombi lote linatupwa. Tusipotuma, mlango umefungwa."

"Na yule mama abaki na watoto kule kule," alisema Margaret.

"Abaki kule kule. Kwa hiyo nitauliza maswali ya adabu mbaya. Masanduku yale yanakwenda wapi?"

Abe alitazama mlangoni kama mtu aliyefumaniwa. "Arizona. Magoti ya Margaret hayapendi baridi."

"Sheria inataka kila mmoja wenu awe anaishi mji huu huu ambao mkimbizi atafikia."

"Tunaishi hapa! Tunarudi kabla mbegu hazijaingia ardhini. Mtu akienda kuota jua amehama?"

"Nyumba mmeiuza? Mmepangisha?"

"Kwa nani? Kwa panya?"

"Tiketi ya kurudi ipo?"

Margaret aliitoa kwenye mkoba, akaisukuma mezani. "Na nguruwe wetu wanalishwa na jirani yetu Isaac mpaka turudi. Anayehama huacha nguruwe?"

Nettie aliisoma, akairudisha. Kusafiri si kuhama. Hao wawili walikuwa wamepita.

"Swali la mwisho," alisema. "Wiki hizi kuna jambo lolote mjini lililowashangaza? Hata dogo."

"Hapa? La kushangaza?" Abe alicheka. "Labda Hilda na mchungaji. Juzi niliwaona wakipita na gari la mchungaji kuelekea barabara kuu. Hilda, mchungaji na shemasi. Nikawapungia, hawakunipungia."

"Walikuwa wanaenda kumwona mgonjwa," alisema Margaret.

"Mgonjwa gani, na Hilda hakubeba bakuli?"

Nettie aliinua kichwa. "Una hakika?"

"Mikono mitupu. Walisimama pale kwenye kona wakanipisha nikiwa na trekta, nikawaona vizuri. Hilda Froese kwenda kwa mgonjwa bila bakuli la chakula! Nilidhani ulimwengu unaisha."

Nettie alimaliza kahawa yake kwa mikupuo miwili. Nje, alipokuwa akichomoa waya wa gari, simu yake ililia. Alikuwa Loewen, mkuu wake, kutoka Winnipeg.

"Nettie, nimepata kitu. Leseni ya udereva ya Tekle ina anwani ya Winnipeg. Huyo hakai Rosenbach. Ndiye."

"Nipe muda nimwone."

"Muda haupo. Usiponipigia kusema sivyo, navunja kikundi."

"Hujawahi kunipa muda, Loewen, na bado nafika," alisema, akawasha gari.

*

Kiwandani alikofanya kazi Tekle walikuwa wakitengeneza madirisha. Tekle alitolewa kwenye mashine, akaja akivua glovu, na alipomwona Nettie hatua zake zikafupika.

"Dada Nettie, umekuja na uso wa polisi."

"Ndio uso niliozaliwa nao. Unalala wapi, Tekle?"

"Usiku?"

"Mchana najua unalala kwenye mashine."

Hakucheka. "Kwa shangazi Hilda, chumba cha chini. Tangu nilipotoka Winnipeg."

"Leseni yako inasema bado uko Winnipeg."

Tekle alifumba macho. "Ile leseni! Shangazi Hilda kanigombeza tangu masika nikaibadilishe. Dada, leseni hiyo ndiyo itamwacha dada yangu Kampala?"

"Sijasema hivyo. Nionyeshe unavyoishi hapa."

Alionyesha. Simuni mwake palikuwa na karatasi ya mshahara yenye anwani ya nyumba ya Hilda, kadi ya kliniki ya mji, na picha ya kwaya ya kanisa aliyoimba sauti ya besi, akiwa mweusi peke yake katikati ya vichwa vya rangi ya ngano. Nettie alimpigia pia msimamizi wa zamu, aliyethibitisha kwamba Tekle hakosi asubuhi hata theluji ikifika magotini.

"Kazini unakuja na nani?"

"Sasa nakuja na Isaac. Zamani Ndugu Cornelius alikuwa ananipitia, karakana yake ni hapo ng'ambo. Tangu vuli aliniambia nitafute mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Alisema njia yake imebadilika. Sikuuliza. Mtu aliyekubeba bure muda wote huo, utamuuliza nini?"

"Karakana haijahama?"

"Ipo pale pale." Tekle alionyesha dirishani. "Kila asubuhi namwona anaingia. Ila siku hizi anatokea upande wa barabara kuu."

Nettie alitazama ng'ambo. Gari kubwa la Cornelius halikuwepo.

"Yuko kanisani," alisema Tekle. "Anaandaa kompyuta. Tumepanga tutume pamoja, mimi ndiye nitakayebonyeza. Dada Nettie," alishusha sauti, "Letebrhan anajua ni leo. Amekaa na simu mkononi. Watoto wamekataa kulala."

"Njoo kanisani zamu yako ikiisha."

"Nitabonyeza?"

"Sijui bado," alisema Nettie, na lilikuwa jibu la kweli.

*

Hakwenda kanisani. Alikwenda kwanza nyumbani kwa akina Wiebe, mtaa wa nyuma ya kinu cha ngano. Njiani alizima redio akasema kwa sauti, "Bwana, nisimvunje asiye na kosa, na mwenye kosa nisimvunje kupita kosa lake." Kisha akakata kona.

Nyumba ya Wiebe ilikuwa na nguzo mbili za plagi mbele, moja ya mume na moja ya mke, kama nyumba nyingi za mji ule. Nettie aliegesha kwenye nguzo ya kushoto. Alishuka na waya mkononi, akainama kufungua kifuniko cha plagi.

Hakikufunguka. Barafu ilikuwa imekifunika chote, nene, ya rangi ya kijivu, barafu iliyojijenga tabaka juu ya tabaka. Chini ya nguzo theluji ilikuwa laini kabisa, haina alama ya tairi wala buti. Kwenye nguzo ya kulia, hatua tatu kutoka pale, kifuniko kilikuwa kikavu na theluji imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu.

"Tumia ya huku!" Tina Wiebe aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa viatu vya ndani, hana koti. "Hiyo imeharibika!"

"Imeharibika au imeganda?"

"Yote mawili. Njoo ndani, utakufa na baridi."

Nettie alichomeka kulia, akaingia. Jikoni palikuwa na trei ya mikate midogo ya moto, na juu ya kiti palikuwa na mablanketi mawili ya viraka yaliyoshonwa kwa mkono, moja la bluu, moja la njano.

"Ya watoto wa Letebrhan," alisema Tina, akafuata macho yake. "Nimeshona tangu kiangazi. Viraka vya njano vilikuwa gauni langu la harusi ya dada yangu."

"Ni mazuri sana. Cornelius anarudi saa ngapi siku hizi?"

"Jioni. Kama kawaida."

"Na asubuhi anaondoka saa ngapi?"

"Mapema." Tina alipanga mikate upya, ingawa ilikuwa imepangwa tayari. "Kwani kuna nini?"

"Gari lake ni dizeli, eti?"

"Ndiyo."

"Dizeli ndiyo mbaya zaidi kwa baridi hii. Ikikosa umeme usiku, haiwaki."

Tina aligeukia dirishani. Maji yalichemka, birika likapiga filimbi, na hakuna aliyeinuka kulizima. Mwishowe alisema, bila kugeuka, "Wewe hukuja kunywa chai, Nettie."

"Hapana. Lakini sitakuuliza chochote juu ya mume wako nyumbani kwako. Hiyo si hatua yangu ya kwanza."

Alivaa buti zake. Alipofika mlangoni aligeuka akamwona Tina amesimama, blanketi la njano limeshikwa kifuani.

*

Chini ya kanisa wanawake walikuwa wameandaa faspa: mikate, jibini, jemu ya plamu na kahawa, ili kushukuru ombi litakapotumwa. Hilda Froese alikuwa peke yake kwenye sinki, anaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nettie alichukua kitambaa akaanza kumkaushia.

"Shangazi Hilda, nimefanya kazi na wapiga simu wa siri nusu ya maisha yangu," alisema. "Anayetaka kubomoa hutaja jina. Hulitaja mara mbili, tusije tukalisahau. Huyu wa jana alikataa kulitaja. Alisema, kabla ya wakati. Nikajiuliza, wakati gani huo?"

Hilda alisugua kikombe kile kile.

"Sisi tulifundishwa tangu utoto," Nettie aliendelea. "Ndugu akikosa, nenda kwake wewe peke yako. Asiposikia, chukua shahidi mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo uliambie kanisa. Ulikwenda peke yako. Juzi ukaenda na mchungaji na shemasi, na hukubeba bakuli, maana hamkwenda kufariji. Imebaki hatua ya tatu. Lakini kanisa linakutana Jumapili, na serikali inafunga leo."

"Sijakuambia kitu," alisema Hilda. Mikono yake ilikuwa imetulia majini.

"Hujaniambia."

"Sijataja mtu."

"Hujataja, na mimi sikuulizi. Nimeona plagi yake."

Hilda aligeuka kwa ghafla, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. "Plagi?"

"Imeganda tangu vuli."

"Ee Mungu wangu." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Mimi nimefunga chakula wiki nzima nisitende dhambi ya ulimi, na kumbe plagi inasema!"

"Yuko wapi?"

Hilda aliinua macho kuelekea dari.

Nettie alipanda ngazi. Cornelius Wiebe alikuwa kwenye benchi la mbele, kompyuta imewashwa mapajani, mwanaume mkubwa wa mabega mapana na mikono yenye mafuta ya gari yasiyotoka kwa sabuni. Alikuwa peke yake. Nettie alifunga mlango nyuma yake, akaketi benchi la pili ili asimtazame usoni.

"Ndugu Cornelius, nimekuja peke yangu."

Alielewa mara moja. Mtu wa pale angeelewa. Kompyuta ilitulia mapajani mwake.

"Unalala wapi?" aliuliza Nettie.

"Winnipeg. Kwa binamu yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Tina alisema niende, nikaenda. Alikuwa na haki. Sitakuambia zaidi ya hapo."

"Sihitaji zaidi. Lakini kila Jumapili umekaa naye benchi moja."

"Nafika mapema, namsubiri kwenye maegesho. Tunaingia pamoja." Alipangusa uso. "Nilidhani Krismasi itanikuta nyumbani. Nikasema nikivumilia kidogo, nitakuwa ninaishi hapa tena kabla mtu hajajua."

"Hilda alipokuja, mbona hukujitoa?"

"Ningejitoa, wangeuliza kwa nini. Mwenyekiti wa kikundi, amefukuzwa kwake! Unaujua mji huu, Nettie. Wangemletea Tina mabakuli mpaka afe."

"Na Letebrhan?"

Cornelius alianza kusugua mafuta kwenye vidole vyake.

"Ukitia saini kwamba unakaa hapa, ni uongo mbele ya serikali," alisema Nettie. "Ombi litatupwa, na yule kijana aliye kiwandani ataishi akijua kwamba dada yake alibaki kwa sababu ya aibu yako. Nipe jibu sasa hivi, Cornelius. Sina Jumapili."

Aliifunga kompyuta, akaisogeza kwenye benchi kama kitu kinachounguza. "Nitoe," alisema. "Nimesikia. Nitoe."

*

Kumtoa kulikuwa rahisi. Kumpata wa kuziba nafasi ndiko kulikowatoa jasho. Chini, mezani, Abe na Margaret walikuwa wamefika, na Tekle, bado ana vumbi la mbao kwenye nywele. Cornelius aliwaambia mwenyewe, akiwa amesimama, kwa maneno machache. Margaret alifunika mdomo. Abe kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Tekle alimtazama, akasema, "Ndugu, ungeniambia tu. Chumba cha shangazi Hilda kina kitanda cha pili."

"Baadaye," alisema Nettie. "Nataka mtu mzima anayeishi hapa, asiye na doa, mwenye vyeti vyake mkononi sasa hivi. Nani?"

"Isaac!" alisema Abe.

"Isaac bado ana hukumu ya kumpiga mtu. Hafai."

"Mchungaji?"

"Yuko mazikoni, Saskatchewan."

"Mwanangu..."

"Anakaa Alberta, mzee Abe. Haya, mwingine!"

Nje dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa bluu. Loewen alipiga, Nettie alikata. Akapiga tena, akakata tena. Tekle alikuwa ameshika simu yake, na kwenye kioo chake uso wa dada yake ulikuwa ukisubiri.

Mlango wa nje uligonga ukuta. Tina Wiebe alishuka ngazi na trei ya mikate, mablanketi mawili begani, na bahasha imebanwa chini ya kwapa. Theluji ilikuwa kwenye kope zake.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Niliona jinsi ulivyoitazama plagi, Nettie. Nikajua mji utajua kabla ya chakula cha jioni. Basi nikafikiri, kama ni hivyo, angalau jambo moja litoke sawa." Aliweka trei, akamwaga vyeti mezani. "Cheti cha uraia. Hati ya nyumba, jina langu lipo. Sijawahi kushtakiwa hata kwa kuegesha vibaya. Aliyehama mji ni yeye. Mimi sijahama."

Nettie alivichukua, akavisoma kimoja kimoja chini ya taa, bila haraka, kama alivyovisoma vya wengine. 

"Unajua unachotia saini?" aliuliza. "Mwaka mzima wa watu watatu mikononi mwenu. Hata mambo yako yakiwa magumu."

"Nimeshona mablanketi mawili. Nani atayalalia? Nipe kalamu."

Alitia saini. Hilda alijaza sehemu za Tina kwenye kompyuta, Margaret akisoma kwa sauti, Abe akirekebisha pasipo na kosa mpaka akafukuzwa kwenye meza. Nettie alipitia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akampigia Loewen.

"Watano," alisema. "Wote wanafaa. Nathibitisha kwa jina langu."

"Na wa leseni?"

"Anaimba besi. Nitakueleza."

Akamgeukia Tekle. "Bonyeza."

Kidole cha Tekle kilikosa, kikapata. Kioo kilifikiri. Kikafikiri. Kisha maandishi ya kijani yakatokea kwamba ombi limepokelewa, na kutoka kwenye simu, kutoka Kampala, vikapasuka vigelegele vya mwanamke mmoja na watoto wawili, vikali, virefu, katika kanisa ambalo watu wake hata furaha huisema kwa kunong'ona. Margaret aliruka. Abe alijaribu kuvijibu, akatoa sauti kama ya nguruwe aliyekanyagwa, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata Hilda, ambaye alikuwa tayari na mkate wake wa kwanza wa wiki nzima mdomoni.

"Na Jumapili?" Nettie alimuuliza kando. "Hatua ya tatu?"

"Amesikia," alisema Hilda. "Aliyesikia hapelekwi popote. Ni ndugu tu."

Walipotoka, baridi ilikuwa imekaza. Cornelius alikuwa amesimama kando ya gari lake, funguo mkononi, hajui aelekee wapi. Tina alimpita, akafungua mlango wa gari lake mwenyewe, akasimama hapo.

"Usilipeleke Winnipeg na baridi hii," alisema bila kumtazama. "Lilete nyumbani ulichomeke. Barafu uigonge mwenyewe, mimi siigusi."

"Asante, Tina. Nami..."

"Gari tu, Cornelius. Nimesema gari." Alipanda, akafunga mlango, kisha akateremsha kioo kidogo. "Wewe utalala kwa Hilda. Kuna kitanda cha pili."

Nettie alirudi Winnipeg kwa njia ya kinu cha ngano, ingawa ilikuwa ndefu. Mbele ya nyumba ya Wiebe, taa za gari zikimmulika, mwanaume mkubwa alikuwa amepiga magoti kwenye theluji laini, akiigonga barafu ya plagi kwa kitako cha bisibisi, taratibu, asije akapasua kifuniko.